Zama za uchumi: kutoka kihamba hadi "hesabu"

Zama za uchumi ni kipindi ambacho watu wengi wa jamii wanapata riziki kwa njia moja kuu: kilimo, kiwanda, au huduma. Vitabu vya shule huzipanga kama ngazi. Uingereza, kwenye viwanda vya nguo na mvuke vya karne ya 18, ngazi hiyo inaeleweka. Ukiileta Moshi inayumba. Mimi huzitambua zama kwa swali moja: kazi inapimwa kwa kipimo gani?

Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba ya Mchagga, kazi ilijipima yenyewe. Mkungu umekomaa, unakatwa; ng'ombe wa zizini ana njaa, majani yanatafutwa. Mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, ukiziba watu waliitwa msaragambo wakauzibua pamoja, na mkwepaji alitozwa faini. Mshahara haukuwepo, na kwa hiyo "asiye na ajira" naye hakuwepo.

Wajerumani wakaleta kodi ya nyumba. Kodi ilitaka sarafu, na sarafu zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi. Hapo siku ikawa kipimo. Mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulitoka zikitimia. Siku ya kuugua haikuhesabiwa. Hata kibarua, kwa asili, ni barua ndogo tu: karatasi ikampa mtu jina.

Wachagga wengi walikikwepa kipande kwa kahawa. Miche iliingia kupitia misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, baadaye kodi ikalipwa kwa buni zilizochumwa chini ya migomba ya nyumbani, na mwaka 1933 wakulima wakawa na chama kikuu chao cha ushirika, KNCU. Walowezi walinuna. Nani angewachumia ya kwao?

Kiwanda kilileta saa: zamu, likizo, kiinua mgongo. Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, ambacho baadaye kilisimama.

Sasa mtoto wa fundi wa kiwandani anaendesha bodaboda ya mtu. Hana zamu wala kadi. Jioni anapeleka "hesabu" kwa mwenye pikipiki, abiria wawepo au wasiwepo, kinachobaki ndicho chake. Na Jumamosi anapanda mlimani kumkatia bibi mkungu, kwenye kihamba kilekile.