"Mtunzi hakukusudia hivyo": dhana potofu kuhusu uhakiki wa balagha

Dhana: Wahakiki mnatafuta maana ambayo mtunzi hakuikusudia.

Tunaisikia kila tunapohakiki kanga, taarabu au tangazo mbele ya watu, na inapotosha kuliko zote. Uhakiki wa balagha, yaani wa sanaa ya kushawishi kwa maneno, hupima neno linamfanyia nini anayelisikia. Nia ya mtunzi ni suala jingine.

Chukua jina la kanga "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Aliyelipeleka kiwandani hamjui mvaaji. Mke akiivaa siku aliyokosana na mumewe, ni shtaka. Ikianikwa kuelekea mlango wa jirani, ni mpasho. Akipewa shoga aliyeachika, ni kumwambia "niko upande wako". Jina moja, matendo matatu. Nia ya mtunzi ingetusaidia nini hapo?

Anza na mambo matatu aliyoyabainisha Lloyd Bitzer, mwanazuoni wa balagha wa Marekani, mwaka 1968: jambo gani limedai neno lisemwe, nani anaweza kulibadili jambo hilo, na vizuizi gani vinambana msemaji. Hapa kizuizi ni heshima, maana kumtaja mtu kwa jina ni kuanzisha ugomvi. Ndipo uyarudie maneno. "Ku-" inamlenga mtu bila kumtaja. Atakayelalamika amejitaja mwenyewe. "Kumbe" inamweka mvaaji upande wa aliyedanganywa, naye huonewa huruma. "Dhahabu" na "adhabu" zinafanana sauti kiasi kwamba sikio linaikubali hukumu kabla ya kudai ushahidi.

Wanaoanza huruka hatua: wanatoa maana kabla ya kuandika nani alivaa, wapi, mbele ya nani. Kagua pia kama jina lilisomeka. Likimezwa na mkunjo kiunoni, usidai kuna mpasho.

Dhana: Balagha ni ulaghai. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliiita uwezo wa kuona njia za kushawishi zilizopo katika kila jambo. Daktari anayekusihi umalize dozi anaitumia pia.

Dhana: Kuhakiki ni kukosoa. La. Hakiki hata wimbo unaoupenda.

Dhana: Kuandikia umma ni kushusha elimu. Ni kazi ngumu zaidi, ndiyo maana tunasisitiza ifanywe kwa ushirikiano: mwanaisimu ashike sauti na lahaja, mwanahistoria atafute kanga ilitoka lini, mjuzi wa muziki asikilize kibwagizo. Lakini mwandishi awe mmoja. Mkigawana aya, hoja hukatika. Kisha makala yasomwe kwa sauti mbele ya mvaaji wa kanga asiye wa fani hii. Asipoitambua kanga yake humo, hayajaiva.