Silikoti haipulizwi kwa nguvu ya presha

Mtu ana ua wa lami Ntinda, Kampala, au kituo cha mafuta barabara ya Masaka, anataka kupuliza silikoti, yaani tabaka jeusi la kulinda uso wa lami, na swali ni lile lile: "Pampu ina presha ya kutosha?" Halafu anapendekeza mashine ya kuoshea magari, au ile ya kupulizia rangi kutani, kwa kuwa inafika psi 3,000. Jamani, hapana! Silikoti hupulizwa kwa psi 40 hadi 60 tu. Kinachoua mashine ni mchanga.

Bila mchanga emalsheni (majimaji ya silikoti yenyewe) huteleza na kuchakaa upesi, ndiyo maana kila lita hubeba gramu 250 hadi 480 za mchanga wa silika, punje za milimita 0.2 hadi 0.4. Nozeli (ncha ya kupulizia) ya mashine ya rangi ina tundu la milimita 0.4 hadi 0.8. Punje mbili zikifika pamoja zinakwama mlangoni. Tundu linapaswa kuzidi punje kubwa kabisa angalau mara tatu. Mashine ya kuoshea nayo huchubuka pistoni na sili (mipira ya kuzuia kuvuja), kisha vali hazifungi. Pampu ya gia hufaa emalsheni tupu. Ukiitia mchanga, meno yanalika na msukumo unapotea.

Chukua pampu ya diaframu mbili (ngozi laini zinazosukuma kwa zamu) ya kuendeshwa kwa hewa, ya inchi 1. Ukifunga bunduki ya kupulizia, pampu inasimama yenyewe bila kupasua hosi. Kompresa ya kujazia matairi haitoshi hata kama tangi lake ni kubwa. Unahitaji lita 400 hadi 850 za hewa kwa dakika, mfululizo. Hosi inchi 3/4, chujio la matundu ya milimita 3 kabla ya pampu.

Sasa kikoroga, ambacho kila mtu anataka kukiacha ili kupunguza bei. Kurudisha emalsheni tangini kwa hosi hukoroga kona moja tu. Kwingine mchanga unalala chini, na unapaka mchanga mzito mwanzoni, maji meusi mwishoni. Weka mhimili wenye mapanga urefu wote wa tangi, unaozunguka polepole na kukwangua sakafu yake. Kipimo ni rahisi: chota lita moja juu, fungulia nyingine kwenye bomba la chini, pima zote kwa mizani. Uzito ukitofautiana waziwazi, usianze kupuliza. Na mchanga wa kujengea kutoka kinamasi cha Lwera usiutie bila kuuosha, kuukausha na kuuchekecha.

Vitabu vinasema nusu lita kwa mita ya mraba kila mkono (tabaka). Kwenye lami kuukuu ambayo kokoto zimetokeza, siamini kipimo hicho, na nina shaka kama mkono wa kwanza unafaa kupulizwa kabisa: fagio la mpira huisukuma emalsheni ndani ya vinyweleo, hewa haifanyi hivyo. Puliza mkono wa pili. Mkisimama kula, pitisheni maji kwenye pampu, hosi na bunduki kwanza, kwa sababu emalsheni iliyokauka ndani ya nozeli haitoki kwa maji tena.