Je, wajua: mchezaji aliyepitia timu 12 alikuwa akifukuzwa au akigombewa?

Mike Sillinger, mzaliwa wa Regina nchini Kanada, alicheza hoki ya barafu kwenye NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2009. Katika muda huo alivaa jezi za Detroit, Anaheim, Vancouver, Philadelphia, Tampa Bay, Florida, Ottawa, Columbus, Phoenix, St. Louis, Nashville na New York Islanders. Timu 12, na hiyo ni rekodi ya ligi.

Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la soka, jibu linakuja lenyewe: garasa. Kila aliyemchukua alijuta, akamtupia mwenzake. Ndivyo tulivyozoea kusoma wasifu wa mshambuliaji aliyekaa nusu msimu hapa, nusu msimu kwa mkopo pale. Kwenye hoki jibu hilo halifai kabisa, na si kwa Sillinger peke yake. Jaromir Jagr, wa pili kwa pointi (mabao na pasi za mabao zikijumlishwa) katika historia yote ya NHL, alipita timu 9. Wayne Gretzky, ambaye ndiye wa kwanza, aliondolewa Edmonton Agosti 1988 akiwa ametoka kutwaa ubingwa, akapelekwa Los Angeles. Sillinger hakuwa wa daraja lao, lakini alicheza mechi 1,049, akafunga mabao 240 na kutoa pasi za mabao 308. Wengi wanaochaguliwa na timu za NHL wakiwa vijana hawafikishi hata mechi 100. Garasa hapangwi mara 1,049.

Kosa linaanzia kwenye neno kuhama. Katika soka klabu humuuza mchezaji, na mchezaji asipokubaliana na klabu mpya biashara inakufa. NHL hawauziani hivyo. Timu mbili hubadilishana mikataba: mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua kijana mmoja miaka ijayo. Gretzky alipoondoka kulikuwa bado na pesa ndani ya mabadilishano, dola milioni 15, lakini tangu makubaliano ya kazi ya 2005 pesa taslimu haziruhusiwi. Mkataba unahama kama ulivyo, mshahara uleule, miaka ileile. Na isipokuwa mkataba wake una kifungu cha kumlinda, mchezaji haulizwi. Anapigiwa simu na meneja, anaambiwa timu yake mpya, anafungasha. Mwanawe Sillinger, Cole, alizaliwa Columbus Mei 2003. Julai mwaka huohuo baba akahamishwa. (Cole mwenyewe alikuja kuchaguliwa na Columbus mwaka 2021.)

Sasa, ili mabadilishano yafanyike, lazima upande wa pili utoe kitu. Hapo ndipo dhana ya kutupwa inapoporomoka, kwa sababu mchezaji asiyetakiwa ana njia yake nyingine kabisa. Timu ikitaka kumshusha kwenda ligi ya chini, AHL, jina lake huwekwa wazi kwa timu nyingine zote kwa saa 24, isipokuwa kama bado ni chipukizi. Anayemtaka anamchukua bila kutoa mchezaji yeyote, ila anabeba mshahara wake. Saa zikipita kimya, mtu anashuka. Huo ndio mlango wa kutupwa. Sillinger alifika kwenye timu 9 kati ya 12 kwa kubadilishwa, maana yake mameneja tisa waliingia mfukoni wakatoa kitu ili wampate.

Kwa nini basi hawakukaa naye? Dereva wa deiwaka wa daladala angelielewa hili bila kuelezwa. Hana gari lake la kudumu; leo anashika usukani wa gari la Mbagala kwa safari mbili, kesho siku nzima la Kimara. Abiria asiyemjua anaweza kudhani amekosa gari kwa sababu hajui kuendesha. Mwenye gari hawazi hivyo. Dereva wake ameumwa, hesabu ya jioni iko palepale, na hawezi kumkabidhi ufunguo mtu wa kujifunzia barabarani. Anamtaka anayezijua gia za gari lolote na vituo vya njia yoyote. Deiwaka mbovu hapigiwi simu ya pili, ilhali mzuri anapigiwa na matajiri sita, na hakuna hata mmoja kati yao anayemfukuza dereva wake wa kudumu ili amweke yeye. Wanachonunua ni pengo kuzibwa. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: deiwaka anaweza kukataa.

Pengo aliloziba Sillinger lilikuwa la aina ya pekee. Mchezo unapoanza, na kila unaposimama, mwamuzi huangusha paki kati ya wachezaji wawili walioinamiana uso kwa uso. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, upana sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, na hugandishwa kabla ya mechi kisije kikadundadunda. Enzi hizo mchezaji wa timu ngeni alilazimika kutangulia kuweka gongo lake chini, mwenyeji akafuata, kwa hiyo mwenyeji aliiona mapema namna mwenzake alivyojipanga. Baada ya hapo ni kufumba na kufumbua: unaigonga, unaivuta nyuma kwa beki wako, au unamzuia mwenzako kwa bega na mguu huku ukiisukuma kwa kiatu. Sillinger alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na pia wa kulinda lango timu inapobaki pungufu kwa dakika 2 za adhabu.

Uzuri wa kazi hizi ni kwamba hazihitaji mazoea. Mshambuliaji wa pasi fupifupi anahitaji miezi kuwazoea wenzake. Anayegombea paki anatua mjini asubuhi, jioni anaingia barafuni, na anachokifanya ni kilekile alichokifanya juzi kwa timu nyingine. Kwa haki, wachambuzi wa takwimu siku hizi wanaona thamani ya kushinda paki hizo katika msimu mzima ni ndogo kuliko makocha walivyoamini. Lakini bei hupangwa na imani ya mnunuzi, na wanunuzi waliamini.

Nyakati nazo zilimbeba. Detroit walipomchagua mwaka 1989 ligi ilikuwa na timu 21. Kufika 2000 zilikuwa 30. Timu changa haina wachezaji wa kutosha wenye uzoefu, na ukihesabu timu 9 zilizozaliwa katika miaka hiyo, Sillinger alichezea 6. Aliyestaafu mwaka 1965, ligi ikiwa na timu 6 tu, asingeifikia rekodi yake hata angekuwa na kipaji gani. Kwa upande mwingine orodha yenyewe inapunja: Columbus walimhamishia Dallas, nao Dallas wakampitisha kwenda Phoenix kabla hajawachezea hata mechi moja, kwa hiyo Dallas haihesabiwi.

Kama bado mtu anashikilia kwamba kilichotolewa ndicho kipimo cha mchezaji, kuna mambo mawili ya kumsumbua. Mwaka 1983, katika ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada, Seattle ya Marekani walimtoa Tom Martin kwa Victoria ya Kanada wakapewa basi. Basi kuukuu, lililokuwa limekwama upande wa Marekani kwa sababu ya ushuru wa kuliingiza Kanada. Martin alikuja kufika NHL. Miaka 10 baadaye Winnipeg wakamwachia Detroit kijana aitwaye Kris Draper, ambaye alikaa pale misimu 17 na kutwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mara 4. Detroit walilipa dola 1.