Mcheri wa Bonsai Haukai Sebuleni

Wiki iliyopita nimeletewa mcheri mwingine wa bonsai, yaani mti uliofanywa mdogo kwa kupogolewa na kukuzwa chunguni. Chungu kizuri cha bluu, sahani ya plastiki chini yake, matawi makavu kama njiti za kiberiti. Mwenyewe akaniambia yale yale niliyoyasikia kwa waliomtangulia: "Fundi, huu nimeutunza sana, hata nje sijawahi kuutoa." Alilisema kwa fahari. Mimi nikainama, nikajifanya nachunguza udongo, hadi hasira ilipopungua.

Basi leo naandika, angalau wa kesho nimpe asome.

Kwamba bonsai ni mmea wa ndani, hiyo ndiyo dhana inayoua micheri mingi kuliko wadudu na magonjwa yote niliyowahi kuyaona mezani kwangu. Naelewa inakotoka. Mti ni mdogo, chungu kinapendeza, na dukani uliukuta rafuni chini ya taa. Isitoshe, zipo bonsai zinazovumilia ndani. Fikasi, kwa mfano, kwao ni nchi za joto, sebule haiwasumbui sana. Mtu akiweza fikasi miaka miwili anajiona ameshafuzu, anakwenda kununua mcheri, anauweka pale pale dirishani. Lakini bonsai si aina ya mti. Neno lenyewe la Kijapani maana yake ni kilichopandwa kwenye trei, basi. Mcheri wa maua ulio ndani ya chungu ni mti ule ule ambao ukiuachia ardhi utakuwa mti mkubwa. Damu yake haijabadilishwa. Umepogolewa matawi na mizizi, na mengine yote unayataka kama ndugu zake walioko bustanini.

Na kubwa wanalolitaka ni baridi. Mcheri hutengeneza matumba ya maua katika majira ya joto, miezi mingi kabla ya kuchanua. Kisha hupukutisha majani na kulala. Usingizi huo haukatizwi na joto, unakatizwa na baridi: matumba yamefungwa kwa ndani, na hayafunguki mpaka mti uwe umekusanya mamia ya saa za ubaridi, hasa kati ya nyuzijoto 0 na 7 hivi za Selsiasi. Wakulima wa cheri za kula huzihesabu saa hizo, maana mavuno yao yamo humo, na aina nyingi wanazolima hudai saa 700 hadi 1,000 au zaidi. Hesabu ikishatimia, ndipo joto linapokuwa na maana. Mti uliokaa kwenye joto mwaka mzima ni kama mtu asiyelala. Tawi hili litachipua ncha, lile litanyamaza, matumba yatadondoka yakiwa bado yamefumba. Mwaka wa kwanza mwenyewe anasema ni bahati mbaya. Wa pili hakuna ua hata moja. Wa tatu ananiletea mimi.

Hapo ndipo utetezi huanza. "Lakini chumba changu kina kiyoyozi, naweka 18." Nyuzi 18 ni za binadamu kuvaa sweta, kwa mcheri hiyo ni hali ya hewa ya kuchipua. Mwingine aliniambia aliuweka kwenye jokofu, na nikiri kwamba huyo alikuwa amekaribia. Kipimo cha baridi kilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba aliuweka pamoja na matunda, na matunda yanayoiva hutoa ethilini, gesi inayoweza kuyaharibu matumba. Juu ya hapo hewa ya jokofu ni kavu, vijitawi vikamkaukia. Kama huna njia nyingine, basi liwe jokofu lisilo na tunda lolote, mti uwe umeshapukutisha majani, udongo uwe na unyevu, na ukae angalau wiki sita. Wiki sita ni saa 1,008, piga mwenyewe hesabu. Ila kama unaishi mahali ambapo baridi haiji kabisa, ushauri wangu ni achana na mcheri. Nunua bogenvilia. Inachanua vizuri mno kwenye chungu kidogo na haitakudai majira usiyo nayo.

Kwa hiyo mcheri unakaa nje, mwaka mzima. Jua la asubuhi, kivuli chepesi mchana wakati wa joto kali. Ukichanua uingize ndani siku moja, mbili zikizidi, wageni wauone, halafu urudishe, na usiuweke karibu na hita. Baridi ikishuka kabisa, tuseme chini ya nyuzi 5 hasi, linda mizizi, kwa sababu ndani ya chungu haina ardhi ya kuihifadhi. Fukia chungu kwenye maganda ya miti au kiweke kwenye banda lisilopashwa joto. Giza la banda halina neno, mti hauna majani ya kuhitaji mwanga. Nimesema banda. Sikusema jikoni.

Kuna dada mmoja alinisikiliza, akautoa nje kama nilivyomwambia, na majani yalipoanguka yote akautupa kwenye lundo la mboji akijua umekufa. Mti wa miaka kumi na mbili! Nauliza, miti yote ya barabarani ikipukutisha majani, nayo imekufa? Kwaruza gome kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukikuta kijani chenye majimaji, mti uko hai, uache ulale. Ukikuta kahawia kavu, shuka chini kwenye tawi nene ukwaruze tena kabla ya kutoa hukumu.

Dhana nyingine inayonikera, ingawa hii hata baadhi ya wenzangu wanaoshika mkasi wanayo, ni kwamba mti unapogolewa ukiwa umelala. Kwa miti mingi ni sawa. Kwa mcheri ni kosa mara mbili. Kwanza unakata maua yako mwenyewe. Tazama kijitawi kwa karibu: matumba ya maua ni manene, ya mviringo, mara nyingi yamebanana kwenye vitawi vifupi, ya majani ni membamba na yamechongoka. Ukipitisha mkasi wakati wa baridi bila kutofautisha, usije kuniuliza maua yako wapi. Pili, miezi ya unyevu na baridi ndiyo kuvu ya jani la fedha hurusha mbegu zake, nayo huingilia kwenye kidonda kibichi. Majani hugeuka rangi ya fedha, tawi linakufa, na ukilikata unakuta mti umepiga doa la kahawia katikati. Dawa ya kuponya hilo haipo, ni kukata hadi upate mti safi na kuomba. Kwa hiyo pogoa mara tu maua yakiisha, au mwanzoni mwa majira ya joto, siku kavu, mkasi umepanguswa kwa spiriti, na kila kidonda kinachozidi unene wa penseli kipakwe dawa ya kuzibia. Gome la mcheri halisahau, kwa hiyo na waya wa kuyapinda matawi nao uufungue mapema kabla haujauma.

Maji: watu wanataka ratiba. "Mara ngapi kwa wiki?" Sijui, na wewe hujui, kidole chako ndicho kinachojua. Kiingize kwenye udongo. Juu pakianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, na ile sahani itupe, mizizi ya mcheri huoza haraka ikilowekwa. Wakati wa kuchanua na siku za joto mti hunywa sana. Usirushie maua maji. Petali zilizolowa huota ukungu.

Mbolea si ya kuulazimisha uchanue. Ukizidisha naitrojeni utapata majani makubwa na vidukari wengi wa kuyala. Anza kulisha maua yakishaanguka, na ukiona vitunda vinafunga, vitoe, vinaunyonya mti mdogo bure.

Na "mbegu za bonsai" hazipo. Zipo mbegu za miti. Hizo za pakiti yenye picha ya mcheri wenye maua mawaridi, hata zikiota baada ya kupitishwa kwenye baridi, utangoja miaka kadhaa kuona ua, na huenda lisifanane na la kwenye picha, kwa sababu aina maarufu huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijitawi chake kwenye shina la mti mwingine, au kwa vipandikizi. Somei-yoshino, mcheri ule unaojaza bustani za Japani, ni mti mmoja uliorudufiwa tena na tena. Anayeanza nampa aina ya mcheri iitwayo Kojo-no-mai: majani madogo, vitawi vya kupindapinda hata bila waya, na huchanua ungali mdogo.

Ule wa wiki iliyopita niliukwaruza mbele ya mwenyewe. Juu kahawia, chini kidogo ya katikati kijani. Nikaukata hapo, nikauweka nje kwenye benchi la nyuma. Juzi usiku amenipigia simu kuniuliza kama nimekumbuka kuuingiza ndani, maana kumeanza baridi.