Kamera Yako Si Kisimbuzi

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na dada mmoja wa Sinza anayefundisha mtandaoni: "Fundi, nilipie kifurushi gani ili kamera yangu itoe HD kwenye Zoom?" Kazi yangu ni kurusha harusi, ibada na misiba mubashara hapa Dar es Salaam, na swali hili nimelijibu kwa simu hadi nimechoka. Sasa naliandika.

Najua neno "kifurushi" limetoka wapi. Tumezoea kulipia vitu kila mwezi. Kisimbuzi kikikatika unalipia, luku ikiisha unanunua yuniti, bando likiisha unajiunga tena. Lakini kila kimoja kati ya hivyo kinakuletea kitu kutoka mbali: mechi inashuka kutoka kwenye setilaiti, umeme unatoka Rufiji, data inapita kwenye mnara wenye jenereta na mlinzi. Kamera iliyo mezani kwako, imeungwa kwa waya na kompyuta iliyo nusu mita tu, haipokei chochote kutoka kwa aliyeitengeneza. Mwanga unaingia kwenye lenzi, sensa inausoma, picha inapita kwenye waya. Basi. Unganisha kwa HDMI kupitia kapcha kadi (kifaa kidogo kinachoingiza picha ya HDMI kwenye kompyuta), fungua OBS (programu ya kurekodi na kurusha video), kisha zima data kabisa. Picha haitatikisika.

Sasa ada inalipia nini? Kamera nyingi, hasa za miaka ya nyuma, ukizichomeka kwa USB kompyuta haizioni kama kamera, inaziona kama ghala la picha. Ndiyo maana inahitajika programu ndogo ya kutafsiri, inayochukua kile unachokiona kwenye kioo cha nyuma na kukikabidhi Zoom. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, Canon, Nikon, Sony na Fujifilm wote walitoa programu za namna hiyo bure. Mwaka 2022 Canon wakaleta EOS Webcam Utility Pro, dola 4.99 kwa mwezi au 49.99 kwa mwaka, na ile ya bure ikabaki na picha ya 720p, yaani HD ya ngazi ya chini. Kamera ni ileile, waya uleule. Anayelipwa ni mkalimani.

Na mkalimani mwenyewe si wa lazima! Kuna utaratibu unaoitwa UVC, ulioanza mwaka 2003, unaoifanya kompyuta itambue kamera bila programu yoyote. Vikamera vidogo vya bei ya chini unavyokuta Kariakoo vinautumia. Sony a7 IV ya mwaka 2021 inao. Canon R6 Mark II, iliyotoka mwaka 2022, mwaka uleule Canon walipoleta ada, inao. Kwa hiyo mtu akikuambia kamera kubwa haiwezi kazi hii bila ada, muulize vikamera vya Kariakoo vinaiwezaje.

Nitasema haki pia. Hiyo ya kulipia inaunganisha kamera kadhaa kwa pamoja, na baadhi yake bila waya. Mwenye studio yenye kamera tatu anayerusha kipindi kila siku akiilipia sitamzuia. Namzungumzia mwalimu mwenye kamera moja.

Kuna wanaonijibu kwamba watengenezaji wameuza nyongeza tangu zamani, iweje nilalamike leo. Ni kweli wameuza. Panasonic waliuza V-Log L (namna ya kurekodi video inayotunza mwanga na rangi zaidi kwa ajili ya kuhariri) ya kamera ya GH4 mwaka 2015, Canon wakauza Canon Log, ya namna hiyohiyo, ya kamera ya 5D Mark IV mwaka 2017, kila moja dola 99. Sony nao wameuza leseni ya mistari ya kupangia picha kwa dola 149, bei ambayo naiona kubwa mno kwa mistari. Lakini hizo unalipa mara moja. 5D iliyowekewa Canon Log ukiiuza, inaondoka na Canon Log yake. Sisi huku kamera nyingi tunazipata mkono wa pili, zimeshapita kwa watu wawili watatu. Ada ya mwezi haihami na kamera. Anayenunua anarudi mwanzo, analipia tena uwezo wa kifaa alichokwisha kukilipia. Wanaochanganya malipo haya mawili ndio wanaonikera kuliko wote, kwa sababu wanaihalalisha ada kwa hoja isiyoihusu.

Njia yangu mimi ni HDMI na kapcha kadi. Kwanza hakikisha kamera yako inatoa picha safi, isiyo na alama za betri na ISO juu yake. Si zote zinatoa. Usidanganywe na boksi lililoandikwa 4K: kadi nyingi za bei nafuu zinapokea 4K lakini zinatoa 1080p, yaani HD kamili tu. Tundu la HDMI ndogo linalegea haraka, funga waya usining'inie. Tafuta betri bandia ya kuchomeka ukutani, na kwa joto letu la Januari weka feni karibu.

Njia hii nayo ina kero zake. Picha inachelewa, sauti ya miksa inatangulia, na midomo haiendani na maneno. Napiga makofi mbele ya kamera na kuichelewesha sauti kidogo kidogo mpaka vikutane. Kiasi kinabadilika kwa kila kompyuta na kila kadi. Fundi anayekupa namba moja ya kutumia kila mahali anabahatisha. Nimewahi kuipatia jioni kabla ya ibada, asubuhi nikaikuta imehama.

Na kuna shaka ninayoibeba kwa muda mrefu: kwa mtu wa Zoom peke yake, je, haya yote yanastahili? Mara nyingi Zoom yenyewe inaishusha picha, na intaneti ya nyumbani ikiyumba inaishusha zaidi. Nimekaa upande wa pili wa kikao na sikuona tofauti kati ya 720p ya bure na hiyo ya kulipia. Taa nzuri mbele ya uso niliiona mara moja.

Dada wa Sinza anakuja Jumamosi na kamera yake. Tutafungua menyu kwanza tutafute HDMI safi. Isipokuwepo, nitamwekea ile ya bure na kuihamisha meza yake ielekee dirishani.