Kopa tano na shupaza nne: maana ya jozi ya taroti kwa mtu aliyefiwa

Jozi, kwa wanaosoma kadi za taroti, yaani karata za picha zinazotumiwa kutafakari au kubashiri, ni kadi mbili zinazolazwa ubavu kwa ubavu na kusomwa kwa pumzi moja. Ya kwanza inataja jambo, ya pili inaeleza jambo hilo linabebwaje au limefikia wapi. Ukitafuta maana ya kila kadi kivyake kisha ukajumlisha, hapo umesoma kadi mbili tu, jozi bado hujaigusa.

Hapa Mbeya ukitaja taroti, watu wanasikia ramli, na ukitaja ramli wanasikia ile ramli chonganishi, ya mganga anayekutajia kuwa shangazi yako ndiye aliyekuloga. Siwalaumu. Lakini kadi hizi zilianza kama mchezo, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 15, na watu walizicheza kwa zaidi ya miaka mia tatu kabla Wafaransa wa mwishoni mwa karne ya 18, akina Antoine Court de Gébelin na Etteilla, hawajaeneza habari kwamba zimebeba siri za kale.

Na mcheza karata wa kijiweni Mwanjelwa anazijua kuliko anavyodhani. Majina yetu ya karata tuliyachukua kwa Wareno: kopa ni copas, yaani vikombe, shupaza ni espadas, yaani panga za vita, uru ni ouros, dhahabu, pau ni paus, fimbo. Vikombe, panga, sarafu na fimbo ndiyo makundi manne ya taroti mpaka leo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutafuta tafsiri. Ule moyo mwekundu tunaouita kopa, jina lake tangu zamani ni kikombe. Hata turufu ni ileile. Pakiti ya taroti ina kadi 78. Kadi 56 ni za makundi hayo manne, na 22 zilizobaki ni turufu, ukimhesabu na Mjinga: Kifo, Mnara, Nyota, Mkaa Pweke na wenzao.

Pakiti inayotumika zaidi ilitoka London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeielekeza, na mchoraji alikuwa Pamela Colman Smith. Katika pakiti nyingi za kabla yake, kadi ndogo zilikuwa na hesabu tu, vikombe vitano vimepangwa, basi. Smith akaipa kila kadi watu na mahali. Ndiyo maana jozi inaweza kusomwa kwa macho kabla ya kufungua kitabu chochote.

Sasa tuje kwenye jozi yenyewe. Kopa tano ni mtu aliyejifunika joho jeusi, kichwa ameinamisha. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka na kumwagika. Nyuma yake viwili vimesimama, ila hajageuka kuvitazama. Kwa mbali kuna mto, daraja, na jengo ng'ambo ya pili. Shupaza nne ni mpiganaji amelala chali juu ya kaburi, viganja vimekutana kama anayesali. Panga tatu zimetundikwa ukutani juu yake, ya nne imelazwa ubavuni mwa kaburi. Pembeni kuna dirisha la vioo vya rangi, kama la kanisani.

Wasomaji wengi wa haraka huisoma jozi hii hivi: umehuzunika, sasa utapona. Mimi nalikataa somo hilo. Hakuna kupona kwenye shupaza nne. Waite mwenyewe aliiandikia kadi hii maana za kujitenga, upweke, hata kaburi na jeneza. Tazama pia panga: hazijaondoka. Zimetundikwa. Kilichobadilika ni kwamba kwa muda huu hakuna anayezishika. Jozi nzima, basi, inasema: msiba upo palepale, na huyu mtu ameruhusiwa kulala.

Neno tunalo, ni matanga. Atakayekaa matanga Tukuyu mwezi wa Juni, wanaume nje wakiuzunguka moto chini ya turubai, wanawake ndani juu ya mikeka, ataona kwamba mfiwa ndiye mtu pekee asiyetumwa kitu. Maji yanachotwa na wengine, ndizi zinamenywa na wengine, daftari la rambirambi linashikwa na kijana wa jirani. Hakuna anayemwambia apone. Anaambiwa akae. Hiyo ndiyo shupaza nne kama ninavyoielewa, na ubaya wake uko kwenye siku ya kuanua matanga, turubai linaposhushwa na masufuria kurudi kwa wenyewe, mfiwa akabaki na nyumba iliyonyamaza. Mara nyingi hapo ndipo mtu anazitoa kadi.

Mimi nilizitoa hizi mbili wiki ya tatu baada ya kumzika bibi. Shangazi alikuwa jikoni, akachungulia.

"Hizo karata zako zinasemaje, mwanangu?"

"Zinasema nipumzike, shangazi."

"Hilo hata mimi ningekwambia. Na nisingekumalizia mafuta ya taa."

Sikuwa na jibu, maana umeme ulikuwa umekatika na alikuwa amesema kweli. Nililoliona baadaye ni kwamba yeye hakuwa ameniambia. Alikuwa ananituma sokoni kila asubuhi ili nisikae nikiwaza, na nilikuwa naenda.

Mpangilio nao una lugha yake. Yule wa joho jeusi ameelekea kushoto, kwenye vilivyomwagika. Vikombe vizima viko kulia, mgongoni kwake. Shupaza nne ikilazwa kulia kwake, inakaa upande wa vile viwili vilivyosalia: kulala huku kunampeleka karibu na alichobakiwa nacho, hata kama bado hajageuka. Ikilazwa kushoto, anaitazama uso kwa uso, na kati yao kuna kilichomwagika. Hapo nasoma mtu anayepumzika akiwa bado analihesabu pengo, kama yule anayelala mchana kutwa na kuamka amechoka zaidi. Wapo wasomaji wasiojali upande. Mimi nauamini kwa sababu mchoraji hakuchora migongo na nyuso ovyo.

Kuna maana nyingine ya kopa tano ambayo watu huipita, nayo kwetu ina uzito: Waite aliiita pia kadi ya urithi, tena urithi usiolingana na ulivyotarajiwa. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga, shamba la kahawa au la miti likatajwa na sauti zikabadilika, hahitaji kufafanuliwa. Ikifuatwa na shupaza nne, naisoma kama shauri la kuuahirisha ugomvi: panga zitundikwe kwanza, hati zisifunguliwe wiki hii.

Ile namba nne, kwa pembeni, inanichekesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, mwenza, ndugu au mtoto. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi 4 na siku 10. Ni sadfa tu, Smith hakuwa anatuwaza sisi. Lakini anayefundisha mtu kukariri kadi anaweza kuitumia: nne ni ukuta wa pande zote, chumba kilichofungwa ili mtu alale.

Jozi za jirani nizipitie upesi. Shupaza tatu, moyo uliochomwa na panga tatu chini ya mvua, ikikaa na shupaza nne, ni kundi moja na namba zinafuatana. Hakuna safari ndefu kati yao, jeraha ni bichi na mtu amelazwa muda uleule. Kopa tano na Nyota, yule mwanamke anayemimina maji ardhini na kwenye dimbwi, ndiyo jozi ambayo kwayo nakubali kutamka neno kupona, kwa kuwa kimiminika kimoja kinapotea na kingine kinanywesha. Kifo na shupaza nne inatisha wageni bure; turufu ya Kifo kwa kawaida husomwa kama kitu kilichofikia kikomo, kazi, ndoa, enzi fulani ya maisha, na kadi ya kaburi pembeni yake inasema usikimbilie kuanza kingine.

Shupaza tisa na shupaza nne ndiyo inayonifanya nikunje kitambaa ninachozilazia kadi. Kwenye tisa kuna mtu ameketi kitandani usiku, uso umo viganjani, panga tisa ukutani kwenye giza. Kitanda kipo, usingizi haupo. Jozi hiyo ikimtokea aliyefiwa, simwambii chochote kuhusu kadi. Nazirudisha kwenye boksi, nachemsha chai ya tangawizi, namuuliza amelala lini mara ya mwisho. Akijibu kwamba hakumbuki, kesho yake tunapanda bajaji kwenda hospitali, na kadi zinabaki nyumbani.