Chupa ya rejeta ni nini, na kwa nini isibaki ya zamani rejeta ikiwa mpya

Fungua boneti ya Hilux ya zamani. Pembeni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, utaona chupa ya plastiki yenye alama mbili, FULL juu na LOW chini, iliyounganishwa na shingo ya rejeta kwa kimpira chembamba. Wengi tunaichukulia kama kidumu cha maji ya akiba. Kumbe ndipo rejeta inapopumulia.

Maji yakipata moto hutanuka, na ndani ya rejeta iliyojaa pomoni hayana pa kwenda, hivyo presha hupanda. Mfuniko wa rejeta una springi inayoizuia presha hiyo hadi kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1 kwa kipimo cha bar. Presha hiyo inatakiwa, maana ndiyo inayofanya maji yasichemke hata yakivuka nyuzi 100. Kwa watu wa Mbeya au Nairobi hili si dogo: huko juu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Presha ikizidi, springi huachia na maji hupita kwenye kimpira hadi kwenye chupa. Injini ikipoa, maji husinyaa, valvu ndogo katikati ya mfuniko hufunguka, na rejeta huyanyonya yaleyale yaliyotoka.

Sasa chupa ikiwa tupu, rejeta itanyonya nini? Hewa.

Hilo lilinikuta. Fundi alifunga rejeta mpya, akarudisha chupa ya zamani na mfuniko wake, kuokoa hela. Kila baada ya siku chache naongeza maji, na chini ya gari hakuna hata tone. Kupanda mlima wa Kitonga, gari likachemsha. Tulipoifungua chupa tukakuta ufa mwembamba kama unywele kwenye kitako, upande unaotazama bodi, ambako jicho halifiki. Ilikuwa ikivuja njiani na kukauka njiani.

Hata isiyo na ufa ina lake. Chupa iliyotumika miaka mingi kwa maji ya kisima huwa na tope la kutu chini, na rejeta mpya italinyonya hilo tope moja kwa moja. Rejeta za siku hizi ni za alumini zenye vichwa vya plastiki. Si zile za shaba ambazo fundi alizichomelea kwa risasi ukaondoka. Ikiziba au kichwa kikipasuka, kwa kawaida unanunua nyingine. Kwa hiyo mimi nahesabu rejeta, chupa, mfuniko na kimpira kuwa kifaa kimoja.

Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, nayo ichanganywe na maji yaliyotoneshwa (distilled), nusu kwa nusu. Ile ya zamani usiimwage uani: ina ladha tamu na ni sumu, mbwa na watoto huionja.

Ukishafunga, jaza rejeta taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi, subiri mpira wa juu wa rejeta upate moto. Hapo thamostati, valvu inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, imefunguka na hewa inatoka kwa mapovu. Ongeza, funga, kisha jaza chupa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, chupa itakuwa imepungua kidogo. Usishtuke, rejeta imekunywa. Ongeza hadi FULL.